Windows 10 Imefungwa, Kompyuta Yako Haijafa

Tangu Oktoba 2025 swali ni moja, na nimeulizwa na watu wa kila aina hapa kisiwani: mwalimu wa madrasa, dada mwenye duka la leso Biashara Street, kijana anayesomea uhasibu. "Laptopu yangu inaniambia Windows 10 imekwisha muda wake. Ninunue nyingine?" Jibu langu ni fupi: usinunue. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu ambaye fundi wake ameshamwambia kinyume, kwa hivyo leo nitalieleza kwa urefu, na nitasema wazi niko upande gani.

Kwanza tujue kilichotokea. Mnamo 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa viraka vya usalama vya kawaida kwa Windows 10. Mashine haikuzimika siku ile, na wala haitazimika. Maana yake ni kwamba tundu jipya likigunduliwa katika mfumo huo, mwenye nyumba hatakuja tena kuliziba. Kwa watumiaji wa nyumbani walitangaza mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka 13 Oktoba 2026, kwa mwenye kujiandikisha. Njia wanayokuelekeza ni Windows 11, ambayo ilitoka mwaka 2021 na inataka vitu viwili vinavyotusumbua sisi: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo karibu yote inaanzia kizazi cha 8, yaani mashine zilizoanza kuuzwa mwaka 2017.

Sasa tazama kilichoko mezani kwetu. Kompyuta nyingi za majumbani hapa Mombasa ni mtumba. Zilikaa ofisini Ulaya au Marekani miaka mitatu minne, zikauzwa kwa jumla, nyingine zikapitia Dubai, zikaishia kwetu. HP EliteBook 840 G3 ni ya mwaka 2016. ThinkPad T450 ni ya 2015. Ni mashine ngumu, kibodi zake nzuri kuliko za laptopu nyingi mpya za bei nafuu, na RAM unaweza kuiongeza mwenyewe kwa bisibisi moja. Hazina ugonjwa wowote. Zimeachwa nje kwa sababu prosesa zake hazimo kwenye orodha.

Mafundi wengi wanakupa njia mbili. Ya kwanza ni kununua nyingine, na hiyo naielewa, kwani fundi naye ana duka. Ya pili ni kuilazimisha Windows 11 iingie kwa kuikwepa ile hatua ya ukaguzi. Hilo linawezekana, na kwa mchezo wa mtu mwenyewe sina neno. Lakini usimwekee mtu anayetunza hesabu za duka lake. Microsoft wenyewe wamesema kwamba mashine iliyoingizwa Windows 11 bila kutimiza masharti haina haki ya kupewa masasisho. Yaani umetoka kwenye nyumba isiyozibwa matundu ukahamia nyumba ambayo huenda ikazibwa, huenda isizibwe. Hujapata kitu.

Njia ya tatu ndiyo yangu: ondoa Windows, weka Linux. Najua ukisikia neno hilo unaona skrini nyeusi yenye maandishi meupe na kijana mwenye miwani. Nivumilie kidogo, maana watetezi wa Linux wamekuwa wakiitetea kwa hoja ambayo hapa kwetu haina nguvu hata kidogo. Wanasema Linux ni bure. Ndugu yangu, Mombasa Windows pia ilikuwa bure!

Nani kati yetu aliyewahi kuona leseni? Kompyuta ya kwanza nyumbani kwetu Kibokoni aliileta ami yangu kutoka Dubai. Ilikuwa Pentium III yenye RAM ya MB 128, rangi yake kama ya pembe za ndovu, na monita nzito iliyohitaji watu wawili kupanda nayo ngazi zetu. Ilikuja na Windows 98. Kisha kila mtaa ukapata mtu wake mwenye CD ya XP iliyoandikwa nambari ya leseni kwa kalamu ya wino juu yake, nambari moja kwa mji mzima. Ukimpa shilingi mia tatu, jioni unarudishiwa mashine. Kwa mtoto wa umri wangu ile ilikuwa ni chuo, kwani tulijifunza kufuta diski, kuigawa na kutafuta draiva ya sauti bila ya kitabu wala mwalimu. Siwalaumu walioishi hivyo, nami nilikuwa miongoni mwao.

Bei yake tuliilipa kwa njia nyingine. Mwaka 2008 XP zisizo na leseni zilizokuwa zikipokea masasisho zilianza kugeuka picha ya nyuma nyeusi kila baada ya saa moja. Watu wakapeana dawa: zima masasisho. Basi zikazimwa, na desturi hiyo ikabaki hata ilipokuja Windows 7. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikazunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshatolewa kiraka tangu Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Mwenye masasisho hakupata shida. Mwenye kuyazima ili skrini isigeuke nyeusi alikaa mlango wazi. Hiyo ndiyo Windows ya bure.

Na kwa nini hatukuhamia Linux zama zile? Wazungu husema ni mazoea, wengine husema ni ujinga. Mimi nasema ni hesabu ya darasa la sita. CD moja ya Linux ilikuwa MB 700. Modemu ya kbps 56, ikikimbia kwa kasi yake yote (na haikukimbia hata siku moja), ingehitaji zaidi ya saa 27 kuishusha. Saiba nilizokuwa nikienda zilitoza shilingi moja kwa dakika, kwa hivyo hapo ni kama shilingi 1,670, ikiwa laini haikatiki wala stima haipotei. CD ya XP ilikuwa mia tatu na kufungiwa juu. Nani angechagua cha bure?

Kulikuwa na mlango mdogo, nao ndio nilioingilia mimi. Kuna Linux moja iliitwa Damn Small Linux, na jina lake si la kutamkwa mbele ya wazee, lakini ilikuwa MB 50 tu. Saa mbili za saiba, shilingi 120. Ilikaa yote ndani ya RAM, ukiwasha kompyuta inakuja na kivinjari chake, kihariri chake na mchezo mmoja wa karata, na ukizima haijagusa chochote katika diski ya baba. Nadhani mapenzi yangu ya kazi hii yalianzia hapo, kwa kuona kwamba kompyuta ileile, bila kuongezwa hata skrubu moja, inaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Halafu ikaja Ubuntu na desturi yake ya ajabu. Ungeandika anwani ya sanduku lako la posta kwenye tovuti yao, nao wangekutumia CD kwa posta bila kutoza senti. Huduma hiyo waliiita ShipIt, na waliifunga Aprili 2011. Ya kwangu ilikuwa toleo la 6.06 la Juni 2006, nikaichukulia Posta Kuu ya Digo Road, CD kadhaa ndani ya bahasha moja, na maelezo kwamba nyingine niwagawie watu. Jina lenyewe halikunihitaji tafsiri: ni neno la Kibantu la kusini, ndugu wa neno letu utu.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Modemu za ndani za bei nafuu za wakati ule hazikuwa modemu kamili. Sehemu kubwa ya kazi waliiachia Windows iifanye kwa programu, ili kupunguza gharama ya vipuri. Ukiwasha Linux, modemu inabaki kipande cha chuma tu. Ilinibidi nitafute modemu ya nje, ile yenye kebo yake nene ya pini na taa nyekundu mbele, ambayo ilijua kazi yake yenyewe. Nilipoipata, Ubuntu ikaiona bila kuniuliza swali.

Lakini kilichonifanya nibaki huko kilikuwa stima. Waliokulia na Windows 98 wanaikumbuka ile skrini ya buluu ya ScanDisk kila umeme ulipokatika ghafla: unakaa unangoja, na mara nyingine kazi ya juzi haipo. Sababu yake ni namna mfumo wa mafaili wa zamani ulivyoandika. Uliandika moja kwa moja mahali pake, na ukikatwa katikati, hakuna ajuaye nini kimekwisha na nini hakijaisha. Ubuntu ilitumia ext3, ambayo ilifanya kama muuza duka mwenye akili: kabla hajapanga chochote rafuni, huandika kwenye daftari kwamba anakusudia kufanya hivi na hivi. Stima ikirudi anafungua daftari, anamalizia au anafuta, kisha anaendelea. XP nayo ilikuwa na jambo kama hilo katika NTFS, lakini hapa mtaani ilikuwa kawaida kukuta diski imebakishwa na FAT32 ya zamani, kwani mwenye CD ya mia tatu hakuwa na wakati wa kuigeuza. Kwa nyumba iliyokuwa ikikatiwa umeme wakati wa kaskazi, wiki haipiti, daftari lile lilikuwa na thamani kuliko picha nzuri za skrini.

Sasa tuje kwenye kilichobadilika. Tarehe 12 Juni 2009, hapo Fort Jesus, au Ngomeni kama tunavyoiita wenyewe, Rais Mwai Kibaki aliupokea waya wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah. Ni njia ya majahazi ileile! Julai mwaka huo SEACOM ikaanza kazi. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda angani kwa setilaiti na kuteremka kwa bei ya dhahabu. Linux Mint 22, ambayo ndiyo ninayowawekea watu siku hizi, ni kama GB 3. Kwa modemu yangu ya zamani ni siku tano, mchana na usiku. Kwa laini ya Mbps 10 ni kama dakika 40, ilimradi usikae chumba cha ndani, kwa maana kuta za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale haziipendi WiFi. Kaa karibu na dirisha la barazani.

Kwa hivyo ile hesabu ya darasa la sita imegeuka. Kilichobaki ni mazoea, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaohubiri bei. Hoja yangu ni ruhusa. Nani ana ruhusa ya kusema mashine yako imezeeka?

Chukua mfano wa Kiswahili chenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kuandikia barua na kupigia hesabu, menyu zake zote kwa Kiswahili. Hawakwenda kumpigia mtu magoti wala kungoja kampuni ya ng'ambo iamue kwamba sisi ni soko. Programu ilikuwa huria, maandishi yake yako wazi, wakakaa chini wakatafsiri. Microsoft nao walitoa Kiswahili cha Windows XP na Office 2003 katika miaka hiyohiyo, na kazi ile haikuwa mbaya, lakini ilikuja walipotaka wao. Unaweza kuyacheka baadhi ya maneno (sisi watu wa Mvita tunacheka upesi, na mimi mpaka leo nasema kompyuta, tarakilishi nimewaachia walimu), ila usipuuze tofauti hiyo. Wale wa Dar walikuwa na ruhusa tangu mwanzo.

Ndivyo ilivyo kwa EliteBook yako. Intel hawakusema prosesa ile haifai. Bodi haikusema. Aliyesema ni mwenye mfumo, kwa sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni za kweli za usalama, siwezi kuzikana. Lakini akishasema, kwake hakuna rufaa. Kwa Linux kuna rufaa, kwa sababu yeyote mwenye uwezo na haja anaweza kuendelea kuitunza mashine iliyoachwa.

Nako kuna mipaka, tusitiane chumvi machoni. Debian, ambao ni mama wa nusu ya Linux unazozisikia, walipotoa toleo la 13 Agosti 2025 waliacha kutengeneza kisakinishi cha mashine za biti 32. Ubuntu walikuwa wameshaziacha tangu 2019. Pentium III ya ami haina pa kwenda tena kwa raha, miaka ishirini na kitu baadaye. Hilo mimi nalikubali. Miaka ishirini na kitu ni umri wa heshima. Miaka tisa si uzee.

Najua pia maswali yatakayofuata. Ritani za KRA? Fomu za iTax zilitolewa za Excel na za ODS pia, na hiyo ODS inafunguka kwa LibreOffice, ingawa itakubidi uruhusu makro na uwe na subira. Barua na CV za Word? LibreOffice inazifungua, lakini ukiwa unapelekeana rasimu na ofisi inayotumia Word, mistari itahama, kwa hivyo mwishoni tuma PDF. Programu ya hesabu ya duka iliyoandikwa kwa Windows pekee? Hapo simama. Ikiwa riziki yako imo ndani ya programu moja isiyo na mbadala, jiandikishe ule mwaka wa nyongeza na uanze kuweka akiba ya mashine mpya. Sisemi kila mtu ahame. Nasema asiyehitaji kununua asinunue kwa kutishwa na dirisha lililochomoza kwenye skrini.

Atakayehama, aanze na chuma kabla ya programu. Mji huu una chumvi hewani na joto la Februari halina huruma. Fungua kifuniko cha chini. Toa betri kwanza, chomoa RAM, na miguu yake ya dhahabu uisugue taratibu kwa raba ya penseli, kisha pangusa. Nimefufua mashine kadhaa "zilizokufa" kwa raba ya shilingi kumi. Feni itakuwa na vumbi limegandana kama pamba ya mto, litoe kwa brashi. Grisi ya prosesa ikiwa imekauka kama chokaa, ibadilishe. Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo, kwani hakuna mfumo wowote utakaoifanya diski ya kuzunguka iliyochoka ikimbie.

Tazama pia saa. Ukiwasha ukaona mashine inadhani tuko miaka kadhaa nyuma, betri ndogo ya bodi imekufa. Kwenye kompyuta ya mezani ni ile ya mviringo, CR2032, inapatikana hata kwa wauza saa. Hili dogo linawatesa watu sana: tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe, na kivinjari kikiona cheti ambacho kwake hakijaanza hata kutumika, kitakataa kufungua. Watu wanalaumu intaneti, wanalaumu Linux, kumbe ni betri.

Kisha nakili mafaili yako nje, picha za harusi kwanza, halafu andika Mint kwenye flashi ya GB 8 na uiwashe kutoka humo bila kusakinisha. Itumie siku mbili hivyo hivyo. Sikiliza sauti, jaribu WiFi, fungua YouTube, chomeka printa. Ikiwa kuna kitu kitakachogoma, kitagoma hapo, wakati Windows yako bado haijaguswa. RAM ya GB 4 inatosha kwa kuanzia, na ikiwa ni chache zaidi chukua toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Viraka vya Mint 22 vimeahidiwa mpaka 2029.

Ila printa, ndugu msomaji, ijaribu kwa makini hasa. Yule dada wa Biashara Street laptopu yake sasa inawaka kwa nusu dakika, hesabu zake zote ziko LibreOffice, na hana malalamiko isipokuwa printa yake moja ndogo ya risiti, ambayo mtengenezaji wake ametoa draiva ya Windows peke yake. Jumamosi nitapita tena na kebo yangu.